Mkato wa Chini

Siku mliyoniaga nikistaafu, vijana wangu wa idara, mlinipa zawadi ya bomba la moshi, la kufukizia nyuki. Lilikuwa jipya, linang'aa, limefungwa utepe mwekundu. Mshereheshaji akaniita niseme neno. Nikasimama nalo mkononi, nikafungua kinywa, nikakaa tena. Yeye akatangaza kwamba mzee wetu amezidiwa na furaha, mkapiga makofi, kisha pilau likaletwa na habari yangu ikaishia hapo. Haikuwa furaha. Ilikuwa aibu, na ina umri mkubwa kuliko wengi wenu. Kwa kuwa sikuweza kuieleza mbele ya sahani za pilau, nimeona niiandike.

Vyeo nitaviruka. Anayetaka kujua nilipandishwa lini na nilisahauliwa lini, faili langu lipo, kama panya hawajalimaliza. Mimi nitaeleza kazi ya nyuki ilivyokuwa nilipoianza, na watu walionifundisha, hasa mmoja.

Nilishuka Mpanda mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijana wa Kifipa niliyetoka kumaliza mafunzo Tabora. Wakati huo hakuna aliyesema Katavi kwa maana ya mkoa. Katavi ilikuwa pori la wanyama, na sisi tulikuwa watu wa Mpanda, basi. Idara ilinikabidhi baiskeli, bomba la moshi, na ovaroli iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mnene nisiyewahi kumjua. Nilikuwa naikunja miguuni na kuifunga kamba kiunoni, na nyuki walijua njia zake za kuingilia kabla yangu. Watu waliniita Bwana Nyuki tangu siku ya kwanza, jina ambalo mtu alipewa kwa kushuka tu kwenye treni. Nilijua sehemu zote za mwili wa nyuki kwa majina yake. Nilikuwa sijawahi kupanda mti wenye mzinga.

Bomba lile lilikuwa fahari yangu. Ni kopo la bati lenye mdomo kama wa birika, na nyuma yake lina mvukuto wa ngozi. Unatia ndani magome makavu yanayofuka, unaminya mvukuto, moshi unatoka wa baridi na mpole. Warina asali wa huku walitumia kienge, yaani fungu la magome yaliyofungwa pamoja na kuwashwa. Kienge kinatoa cheche, na cheche zinaunguza nyuki, na mwaka mbaya zinaunguza pori zima. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kupita vijiji vyote nikihubiri bomba na kulaani kienge. Nilihubiri sana. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana litanirudi.

Aliyepangwa kunitembeza porini alikuwa Mzee Gervas, Mkonongo wa upande wa Litapunga, kibarua wa idara na mrina asali tangu utoto wake. Umri wake ulikuwa kama wa baba yangu. Siku ya kwanza alinitazama nikivaa ovaroli, nikivaa glovu, nikivaa kofia ya wavu, akasubiri kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akavua shati lake, akalitundika kwenye tawi, akaanza kupanda.

"Mzee, utaumwa!" nikamwambia.

"Nitaumwa kidogo," akajibu kutoka juu. "Wewe ndiye utaumwa na hiyo nguo. Wakishaingia humo hawaoni pa kutokea."

Ikawa hivyo hivyo. Jioni uso wangu ulikuwa umevimba mpaka macho yamebaki mistari. Mkewe alinikanda kwa maji ya uvuguvugu huku akicheka bila kujificha. "Huyu mtoto mmemtoa wapi nyie?" akamuuliza mumewe. Mzee Gervas akajibu, "Serikali imenizalia." Tangu siku hiyo nikawa mtu wa nyumba ile. Nilikula ugali wao, nililala kwao nikichelewa, na Mzee Gervas akaniita mwanangu mbele za watu. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa sijamjua vizuri, kwa hiyo neno lile lilinipendeza kuliko nilivyoonyesha.

Alinifundisha yale ambayo darasani hatukuyagusa. Kugonga mzinga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama ni mzito. Kuacha masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, ili kundi lisihame. Kutofungua mzinga ukiwa umetoka kugombana na mtu, maana mikono inakuwa na haraka na nyuki hawapendi haraka. Na alinifundisha kusoma mikato.

Mikato ndiyo jambo lenyewe la habari hii, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Mzinga wa gogo la mninga, ukichongwa vizuri, unaishi miaka mingi kuliko aliyeuchonga. Hauandikwi jina la mwenyewe, unakatwa alama. Kila familia ina alama yake, na baba akifa watoto wanarithi mizinga, miti inakotundikwa, na alama yenyewe. Alama ya marehemu baba yake Mzee Gervas ilikuwa mikato miwili ya mshazari inayokutana juu. Mkato mpya kwenye mninga una wekundu. Ukipita msimu mmoja wa mvua unakuwa wa kijivu, na miaka ikienda unakuwa mweusi. "Watu watakwambia wanavyotaka," alisema Mzee Gervas. "Wewe angalia mti."

Niliangalia mti, maana nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nikaona kwamba baadhi ya mizinga ya baba yake, chini ya ile mikato miwili, ilikuwa na mahali palipobonyea, laini, kama palikwanguliwa. Nikamuuliza. "Nyegere," akanijibu, akaendelea na kazi. Nyegere ni mnyama mkorofi anayependa asali, kucha zake nilikuwa nazijua, na kucha hazikwangui namna ile. Lakini aliyesema alikuwa Mzee Gervas, nikaamini nyegere.

Kesi za ndugu nilianza kuziona mwaka wa pili. Upande wa Inyonga kulikuwa na watu wawili wa baba mmoja waliogombea mizinga ya baba yao mpaka wakaacha kusalimiana. Mmoja alidaiwa kufuta alama ya mwenzake. Tulifika pale mimi na Mzee Gervas, wazee wamekaa, maneno yamepamba moto, na mimi nikajua sasa tunakwenda kuangalia mizinga na jambo litaisha. Badala yake mzee mmoja akasimama, akasema pori limefungwa juma zima, mtu asikanyage huko, tutakutana baada ya hapo. Watu wakaondoka. Nilikasirika sana. Njiani nikamwambia Mzee Gervas kwamba wazee hawa ni wavivu, wanamwachia mwizi muda wa kuharibu ushahidi.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Wanamwachia muda. Pori limefungwa kwa watu wote ili yeye peke yake aingie. Anaingia, anarudisha alama kama ilivyokuwa, anatoka. Tukienda kuangalia tunakuta iko sawa. Hakuna mwizi, hakuna kesi. Hawa ni ndugu, mwanangu, watazikana."

"Na asiporudisha?"

"Hapo ndipo kesi inaanza."

"Na mtu akimwona anarudisha?"

Mzee Gervas alisimamisha baiskeli yake kabisa. "Hakumwona," akasema. "Ukimwona, hukumwona. Usiku wala mchana, leo wala kesho."

Nililishika somo lile kama nilivyoyashika mengine yote.

Katikati ya miaka ile watu walihamishiwa kwenye vijiji vikubwa. Nyumba zikapangwa kwa mistari, na kule walikotoka pakabaki mahame. Lakini mizinga huwezi kuihamisha kama sufuria. Ile ya marehemu baba yake Mzee Gervas ilibaki kwenye mahame yao, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kijijini Litapunga, na yeye ndiye alikuwa akiirina yote. Mimi nilitundika mzinga wangu wa maonyesho karibu na hapo, wa sanduku la mbao, ili wananchi waje kuuona. Waliokuja kuuona hasa walikuwa sisimizi.

Ndipo Yustina akarudi. Alikuwa dada yake Mzee Gervas, mdogo wake wa kumfuata, aliyeolewa Kibaoni. Mume alifariki, wakwe wakachukua majaruba yote ya mpunga, naye akarudi kwao na watoto na kitanda kilichofunguliwa vipande. Mchana aliokuja kwa kaka yake mimi nilikuwepo, nimekaa mkekani nanawa mikono. Mke wa Mzee Gervas akamkaribisha chakula kwa furaha.

"Sili, wifi," akasema Yustina. Alibaki amesimama uani. "Sili mpaka nijue hapa nakula kwa kaka yangu au kwa mtu aliyeniibia."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na tonge. Mtu mgeni hapaswi kusikia maneno yale, lakini huwezi kuinuka katikati ya ugali ukaondoka, utakuwa umetangaza kwamba umesikia.

"Kaa chini, Yustina," akasema Mzee Gervas. "Kuna mgeni."

"Mgeni asikie. Kaka, nimekuomba mizinga yangu mara ngapi? Nilimchotea baba maji akiichonga. Nilimpikia. Alikata alama yake, halafu kwenye ile ya kwangu akaongeza mkato wa chini. Akasema, huu mkato ni Yustina, yeye hawezi kupanda mti, kaka yake atamrinia. Ulikuwepo!"

"Baba alisema mengi. Mwanamke na mizinga wapi na wapi? Wewe ulikwenda kwa mumeo, ukala mpunga wa huko. Nimeitunza mimi. Nimeumwa mimi."

"Sikatai. Mkato wa chini uko wapi?"

"Hakuna mkato wa chini. Umeuota."

Yustina alimwangalia muda mrefu. "Watoto wangu watakula nini mwaka huu, kaka?" akauliza, na sauti sasa ilikuwa ya chini. Mvua zilikuwa hazijaanza, shamba hakuwa nalo, na asali ya msimu ule ndiyo ingemvusha mpaka avune kitu. Mzee Gervas akamega tonge jingine. Yustina akafunga kanga vizuri, akaondoka.

Mimi niliendelea kuangalia bakuli la mboga. Mahali palipobonyea chini ya mikato miwili palinijia machoni, mzinga mmoja baada ya mwingine, na nikajua kwamba nyegere hajawahi kufika pale. Mtu aliyenifundisha kuangalia mti alikuwa amekaa mbele yangu anamega ugali, na mimi ndiye nilikuwa naona haya, kana kwamba nimemkuta anaoga. Siku ya pili nikaitwa Mpanda mjini kwenye mkutano wa idara. Sijawahi kufurahia mkutano kama ule.

Nikiwa mjini, Yustina alipeleka jambo kwa wazee. Hayo niliyasikia baadaye. Mzee Malongo, aliyekuwa mkubwa wao, aliwasikiliza wote wawili, akatangaza pori limefungwa juma zima. Kijiji kizima kilijua. Mimi sikujua, kwa sababu nilirudi kutoka mjini kwa njia ya mkato inayopita mahame, nikitaka kuukagua mzinga wangu wa sanduku kabla sijafika kijijini.

Jua lilikuwa la utosi. Niliegemeza baiskeli kwenye mti, nikawasha bomba, nikaliweka chini ya mzinga wangu lifuke vizuri. Ndipo nikasikia mti unagongwa. Tok, tok, kisha kimya, kisha tok tena. Nikadhani ni mtu anachonga mzinga, nikafuata mlio nikamsalimie.

Nililiona shati kwanza. Lilikuwa limetundikwa kwenye tawi, kama kawaida yake. Kisha nikamwona mwenyewe juu ya mti, mguu mmoja kwenye panda, kifua wazi, anakata kwa shoka dogo chini ya ile mikato miwili. Alikata, akapuliza vumbi la mti. Kiunoni alikuwa na kibuyu, akachovya dole gumba ndani yake, akapaka kwenye mkato kitu cheusi, masizi na udongo, akasugua ili wekundu usionekane. Alikuwa anasugua polepole sana. Nikamsikia anasema, si kwa sauti kubwa, "Naurudisha, baba. Naurudisha, usiniangalie." Mzee yule alikuwa analia huku nyuki wanamtembelea mgongoni, na hakuwa anajipungia mkono kuwafukuza.

Hapo nikaelewa kwamba pori limefungwa. Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole, nikaichukua baiskeli, nikaikokota bila kuipanda ili isilie, mpaka njia kubwa. Pale ndipo nilipogeuka na kuona moshi mweupe unapanda juu ya miti, umenyooka, hakuna upepo. Nilikuwa nimeliacha bomba langu linafuka. Katika wilaya nzima ya Mpanda hakukuwa na mtu mwingine mwenye moshi wa namna ile.

Ningeweza kurudi kulichukua. Nilisimama pale nikijiambia nirudi, na miguu haikurudi.

Juma lilipokwisha tulikwenda wote kuangalia mizinga. Wazee, Yustina, Mzee Gervas, mimi, na mwenyekiti wa kijiji ambaye alikuwa mtu wa kuja, mpenda utaratibu. Nilipita kwenye mzinga wangu wa sanduku. Bomba halikuwepo. Sikumwangalia Mzee Gervas na yeye hakuniangalia, na tangu pale nikajua kwamba anajua.

Mzinga wa kwanza uliteremshwa kwa kamba mpaka chini. Mzee Malongo akainama. "Mikato miwili," akasema, "na wa chini." Akasimama. "Upo." Wazee wakaitikia. Yustina akasogea, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye mkato wa chini polepole. Alipokiinua, kidole kilikuwa cheusi. Nilikiona, na yeye alikiona. Akakiangalia muda mfupi, akakifuta kwenye kanga upande wa ndani.

"Ni wa baba," akasema.

Mwenyekiti hakuridhika. "Tunaye mtaalamu hapa," akasema. "Ndugu Bwana Nyuki, wewe umesomea mambo haya. Mkato huu unauonaje? Ni wa siku nyingi?"

Watu wote waligeuka. Mzee Gervas alikuwa amesimama pembeni, anaangalia vidole vya miguu yake.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "mimi nimesomea nyuki. Mambo ya mikato ni ya wazee."

Mzee Malongo akacheka kwa sauti, watu wakacheka naye, mwenyekiti akacheka pia ili asibaki peke yake. Mizinga ya Yustina ikatengwa mmoja mmoja mpaka mwisho. Kisha yeye akasema, mbele ya wote, "Kaka, kupanda siwezi. Nani atanirinia?"

"Mimi," akasema Mzee Gervas, bila kuinua uso.

Mchana ule Yustina alikula kwa kaka yake. Mimi nilialikwa, nikasema nina kazi. Watoto wake walivuka mwaka ule na miaka iliyofuata, na kila msimu Mzee Gervas alirina mizinga ya dada yake kwanza ndipo akagusa ya kwake. Kwa hiyo jambo liliisha vizuri. Wazee walifanya kazi yao, na ndugu wale walibaki ndugu. Kama mnataka mfano mzuri wa kugawana mali ya baba bila kuvunjiana heshima, chukueni huo, ishieni hapo.

Lakini mimi na yeye hatukuisha vizuri. Idarani nilisema bomba limepotea porini, nikasemwa sana, na nikaambiwa mabomba mengine hayapo. Nikawa natembea na kienge. Mimi, niliyekilaani kienge kutoka Inyonga mpaka Kibaoni! Watu walinitania kila nilikokwenda. "Bwana Nyuki, leo umerudi kwetu?" Nilicheka nao. Mzee Gervas tu ndiye hakucheka. Kila nilipowasha kienge alitafuta kitu cha kufanya upande wa pili wa mti.

Aliacha kuniita mwanangu. Hakunigombeza, hakunikwepa, kazi yangu aliifanya vizuri kuliko zamani. Aliniita Bwana Nyuki kwa heshima zote, akanisogezea kiti nikifika kwake, kama unavyomsogezea afisa. Mkewe aliniuliza siku moja nikiwa peke yangu, "Mmegombana nyie?" Nikamwambia hapana, mama, hatujawahi. Ulikuwa ukweli mtupu, na mama yule alinitazama kama nimemdanganya.

Mara nyingi tukiwa wawili porini nilitaka kusema. Nimwambie, mzee, nilikuona, na heshima yangu kwako iko pale pale, imeongezeka hata. Kisha nakumbuka: ukimwona, hukumwona. Alinifundisha yeye mwenyewe. Nikajiambia kwamba namsitiri, na kwamba kimya changu ndiyo zawadi pekee ninayoweza kumpa. Haya ni mambo ambayo mtu anajiambia vizuri sana akiwa na woga.

Miaka ya sabini ilipokaribia mwisho nilihamishiwa Tabora. Nilikwenda kijijini kuaga, nikaaga haraka haraka, nikarudi mjini. Siku ya safari niko stesheni ya Mpanda, nimekaa juu ya sanduku langu, watu wamejaa na magunia ya mahindi na madumu ya asali. Nikamwona Mzee Gervas anapita katikati yao. Alikuwa amevaa koti la kanisani na amebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa. Ametoka Litapunga na baiskeli ile ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaweka kikapu chini, akafunua. Ndani kulikuwa na bomba langu. Lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga mpaka bati linang'aa, na mvukuto ulikuwa mpya, wa ngozi ya digidigi, umeshonwa kwa uzi uliopakwa nta. Kazi ile si ya siku moja. Akalitoa kwa mikono miwili, akaninyooshea.

"Nililiokota," akasema. "Zamani kidogo. Nadhani ni la kwako."

Vijana, nimelirudia tukio hili katika kichwa changu kuliko jambo lolote la kazini. Yule alikuwa mzee mwenye heshima zake, amekuja mwenyewe, mchana, mbele za watu. Alikuwa anavunja ile sheria aliyonifundisha, na ni yeye tu aliyekuwa na haki ya kuivunja. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mikono. Lakini aibu ilinipanda, ile ile ya kwenye njia kubwa, na niliona kwamba nikilipokea nitakuwa nimekiri mbele yake kwamba nilimwona akilia juu ya mti. Nikafanya kile nilichokizoea.

"Hapana, mzee," nikasema. "Si langu. La kwangu lilianguka mtoni."

Mikono yake ilibaki imenyooshwa.

"Mtoni," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Aliniangalia usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mizinga, na mimi ndiye niliyeshusha macho. Kisha akalirudisha bomba kwenye kikapu, akalifunika, akaingiza pembe za kitambaa vizuri ndani, kila upande.

"Haya," akasema. "Basi nitaendelea kumtafuta mwenyewe."

Akanitakia safari njema kwa kunishika mkono, akaenda. Treni ilichelewa kuondoka, kama kawaida ya treni, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kumkimbilia. Nilikaa juu ya sanduku langu mpaka ilipopiga honi.

Sikumwona tena. Miaka mingi baadaye Yustina alikuja Tabora kumleta mjukuu hospitali, akaulizia mpaka akanipata ofisini. Alikuwa amezeeka lakini bado amenyooka. Alinipa salamu, kisha akaniambia kaka yake amefariki msimu uliopita, na kwamba walimzika vizuri, na kwamba mizinga anairina sasa mtoto wa kaka, yote pamoja, hakuna maneno. Nikampa pole.

"Lile bomba la moshi," akasema, "lilikuwa limetundikwa juu ya kitanda chake. Wajukuu wakitaka kulichezea anawafukuza. Anasema liacheni, hilo ni la mwanangu, atalifuata."

Sikulifuata. Nilijua lilipo, na treni ilikuwepo.

Ndiyo maana lenu nililipokea nikakosa la kusema. Lilikuwa limenyooshwa mbele yangu kwa mikono miwili, watu wote wanaangalia, na nilichoweza ni kulishika tu.